Ripoti ya Jumatatu imetoka, na wastani wa wastani umo tena!

Kolamu_Tupu (mleta mada):
Wakuu, mnamjua, sina haja ya kumtaja. Kaambiwa kistaarabu kabisa kwamba mauzo yake kwa mteja hayawezekani. Kajibu mbele ya kundi zima: "Wastani ni wastani."

WASTANI NI WASTANI!

Mtu kaingiza data Power Query, kile chombo cha Excel cha kusafisha na kupanga data, kaipanga kwa matawi, kachukua wastani wa kila tawi. Halafu kachukua wastani wa hizo wastani! Tawi moja lina wateja 2, wastani 500,000. La pili lina wateja 98, wastani 10,000. Yeye kaandika 255,000 kwa mteja, kwa wino mzito. Fedha zote ni 1,980,000, wateja 100, kwa hiyo jibu ni 19,800. Kwa hesabu zake, kesho tununue ndege.

Dawa ni nusu dakika: unapopanga makundi beba JUMLA na IDADI tu, ukifika juu kabisa gawanya mara moja. Lakini wapi, wastani ni wastani bwana.

Mdau_wa_Seli:
Umemaliza povu? Sasa dawa yako nayo ina tundu. Humo Power Query, List.Average (fomula ya wastani) inaruka null, yaani seli isiyo na thamani yoyote, ila Table.RowCount (ya kuhesabu mistari) inahesabu kila mstari. Mistari 10, minne ina null, jumla 60,000: wastani wa chombo ni 10,000, wako ni 6,000. Amua kwanza kama null ni sifuri au ni taarifa ambayo haijaja. Ni sifuri? Ibadilishe kabla ya kupanga. Haijaja? Hesabu zisizo null tu. Ndiyo uje kutukana watu.

Kolamu_Tupu:
Mkuu, nakubali null. Ila yeye alisema WASTANI NI WASTANI, unaelewa uzito wake?

Bi_Jedwali:
Afadhali huyo wenu ana matawi mawili. Wa kwetu ana Temeke tatu: "Temeke", "TEMEKE" na "Temeke " yenye nafasi mwishoni. Power Query inatofautisha herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo inakupa makundi matatu. Trim kwanza (kata nafasi za pembeni), kisha herufi zote kubwa, ndiyo upange. Na msidanganywe na Trim ya Excel: ya Power Query inakata mwanzo na mwisho tu. "Dar  es Salaam" yenye nafasi mbili katikati inabaki mkoa wake peke yake, labda na mkuu wake wa mkoa.

Mzee_Query:
Kama shida ni herufi kubwa na ndogo tu, weka Comparer.OrdinalIgnoreCase kwenye nafasi ya tano ya Table.Group, ile fomula ya kupanga makundi, humo wala hubadilishi maandishi. Ya nne ni aina ya kupanga. Ukiweka GroupKind.Local bila kusoti, kundi moja litajirudia kila linapokatishwa na jingine, maana hiyo inaunganisha mistari inayofuatana tu. Baadaye mnasema chombo kibovu.

Shilingi_Mbili:
Nyie mna raha. Kuna mtu anaandika bei "15,000/=" kwenye seli, halafu anauliza kwa nini jumla imeandika Error. Hayo ni maandishi! Futa "/=", geuza kolamu kuwa namba, ndipo ujumlishe.

Kolamu_Tupu:
Jamani turudi kwenye mada. Wino mzito ule...

Bi_Jedwali:
Na tarehe je? 03/04 ikisomwa kwa mpangilio wa Marekani inakuwa Machi 4, kimya kimya. 25/04 angalau inapiga Error ukaishtukia. Geuza aina kwa kuchagua lugha na nchi, usibofye tu "tarehe". Mauzo ya Aprili yatakusanyika Machi na mtamfukuza mtu wa mauzo bure.

Mdau_wa_Seli:
Mbaya kuliko wote ni wale wa kuunganisha seli. Jina la tawi juu, chini matupu mistari 40. Hapo unajaza kuelekea chini kabla ya kupanga.

Shilingi_Mbili:
Nimejaza, haijazi kitu!

Mdau_wa_Seli:
Matupu yako si null, ni maandishi yasiyo na herufi, na Fill Down inajaza null tu. Yabadilishe yawe null kwanza.

Shilingi_Mbili:
Imekubali. Haya, na wale wanaotuma jedwali WhatsApp kama picha, tena imekatwa kolamu ya mwisho?

Mzee_Query:
Hao wafunguliwe uzi wao.