Msimulizi akizoeana na wakubwa, si anageuka chawa?

Mpenda Simulizi: Wakuu habari zenu. Nimesoma maisha ya Charles Dickens wa London nikabaki na swali, jamaa alianza kama ripota wa bungeni miaka ya 1830, ananukuu hotuba kwa hatimkato, mara 1836 hadithi zake zinatoka kila mwezi anakuwa staa mji mzima. Sasa mtu kama huyo, anajuana na vigogo wote, si lazima awe chawa tu?

Kijana wa Zamani: Chawa wapi mkuu. Mwaka 1841 walimfuata agombee ubunge jimbo la Reading akachomoa. Ukishawasikiliza wabunge mpaka usiku wa manane unaandika neno kwa neno huwezi kuwaogopa tena, na usisahau babake alifungwa kwa deni 1824, yeye mtoto wa miaka 12 yuko kiwandani anabandika lebo kwenye vichupa. Hiyo haifutiki eti kwa sababu umealikwa kwa wakubwa.

Dada Msomaji: Siasa hazikummaliza, ustaa ndio ulimmaliza. Kuanzia 1858 anasoma hadithi jukwaani kwa kiingilio, 1867 huyo Marekani mgonjwa hivyohivyo, na ile sehemu ya mauaji kwenye hadithi yake ya Oliver Twist alikuwa anaiigiza kwa nguvu hadi daktari anampima mapigo ya moyo akishuka. 1870 kafa, miaka 58 tu.

Kijana wa Zamani: Sasa dada watoto kumi wangekula nini, makofi?