Subaru STI yangu imenoki (injini inagonga) Muheza: nifanye ovaholi au nivae injini ya mtumba? Naomba ushauri

Mkonge (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Nipo Tanga mjini, Chumbageni. Gari yangu ni Subaru Impreza WRX STI ya 2004, ile ya toleo la GDB yenye injini ya EJ207 ya turbo. Nimedunduliza miaka sita ndipo nikaipata, kwa hiyo mtu asiniambie niuze.

Jumapili nilikuwa natoka Korogwe. Nimeshapita Muheza, kwenye kona taa ya oili ikawaka, ikazima. Sikusimama. Kama kilomita mbili mbele ikaanza kugonga kwa chini, ko-ko-ko, na kila nikikanyaga mafuta mlio unazidi. Hapo ndipo nikazima, tukaivuta hadi Ngamiani. Kuchomoa kijiti, oili iko chini kabisa ya alama. Hilo ni kosa langu, nalikubali.

Sasa kila mtu na lake. Fundi mmoja anasema tuchonge kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni), tuweke beringi za saizi, yaani nene zaidi kufidia kilichochongwa, wiki ijayo nipo barabarani. Mwingine anasema nishuke Dar, Ilala au Gerezani, nichukue injini iliyotoka Japani nivae tu. Shemeji yangu anataka niweke injini ya Impreza ya kawaida isiyo na turbo, nipumzike. Mfukoni nina milioni tisa, nikivuta subira hadi Desemba zitafika kumi na mbili. Ningekuwa nyie, mngeanzia wapi?

Fundi wa Barabara ya 12

Pole sana mdogo wangu. Wote hao wanakuuzia dawa kabla ya kukupima.

Anza na filta ya oili. Ikate, ikunjue karatasi yake juani, kisha pitisha sumaku. Vimulimuli visivyonaswa ni nyama ya beringi. Vikinaswa, ujue chuma chenyewe kimeshaanza kulika. Kwa mlio ulioueleza, karibu nina hakika ni beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) imekwisha au imejizungusha kwenye kikao chake.

Kuhusu kuchonga kranki, hapa naomba unisikilize vizuri. Kranki ya hii EJ ya STI imekomazwa kwa juu tu, ni ngozi nyembamba. Ukiipeleka kwenye mashine wakaimega, ngozi ile inaondoka na unabaki na chuma laini chini ya turbo. Inawaka vizuri, inakupa raha mwezi, miezi miwili, halafu mlio unarudi. Kwenye injini ya pikapu ya shamba ningekwambia chonga. Kwa STI, hapana. Shingo za kranki zinapokaa konrodi, kiwandani ni milimita 52. Zikiwa zimekwaruzika, tafuta kranki mpya.

Tena hii siyo Toyota, kwamba utafungua sampu (beseni la oili chini ya injini) ubadilishe beringi umelala chini ya gari. Kwenye boksa kama hii, ambayo pistoni zake zimelala pande mbili, kranki imebanwa katikati ya nusu mbili za bloki. Ili uiguse lazima injini ishuke na bloki ipasuliwe. Kwa hiyo anayekuahidi wiki ijayo muulize atakagua nini na saa ngapi.

Wa Horohoro

Kaka, mimi nilipita njia ya mtumba, nikuambie lililonikuta. Injini ilikuwa nzuri kweli, nilipima kompresheni (mgandamizo wa silinda) mwenyewe, silinda zote nne zimekaribiana. Tukaivaa. Wiki ya tatu ikanoki kama ya kwanza.

Sababu: tulihamishia turbo yangu ya zamani, mipira yake ya oili, na kile kipozeo cha oili kinachokaa juu ya filta. Vyote vilikuwa na chembe za chuma kutoka injini iliyokufa. Kipozeo kile hakisafishiki, hata ukikijaza petroli siku nzima. Nilikuwa nimenunua injini nzima nikaiua kwa kifaa cha ukubwa wa kopo la maziwa.

Kwa hiyo njia yoyote utakayoshika, kipozeo kipya, pampu ya oili mpya, na lile bomba la kunyonya oili ndani ya sampu badilisha pia, maana linajulikana kwa kupasuka. Turbo ifunguliwe na mtu anayeijua.

Na ukienda Gerezani usichukue kwa kuangalia jina EJ20 tu. Kuna za Legacy zenye koo la hewa linaloendeshwa kwa umeme, kuna twin-scroll (turbo yenye njia mbili za moshi) ambayo manifoldi na turbo yake ni tofauti kabisa na ya kawaida. Waambie washushe sampu mbele yako. Muuzaji akikataa, ondoka.

Binti Pangani

Kaka Mkonge, pole. Mawili tu.

Namba ya injini imepigwa kwenye bloki. Ukibadilisha bloki, namba haitafanana na kadi ya gari, itabidi upeleke mabadiliko TRA na karatasi za mauziano ziwe mkononi. Watu wengi wanalipuuza hili hadi siku ya kuuza. Ukibaki na bloki yako huna safari hiyo.

La pili, huku kwetu pwani upepo wa chumvi hauna huruma. Silinda ni chuma, ukiacha bloki imefunguliwa gereji siku chache tu inashika kutu. Ipakeni oili, ifungeni kwenye nailoni, kila jioni.

Mzee wa Raskazone

Mwanangu, shemeji yako ana nia njema, lakini ukitoa turbo unabaki na gari nzito yenye breki kubwa na injini ndogo. Tena waya na kompyuta vyote vitakusumbua. Kama moyo wako uko kwenye STI, subiri Desemba.

Halafu, ile injini Wajapani waliipangia petroli ya oktani ya juu (inayostahimili zaidi kulipuka kabla ya wakati), kwao pampu inauza hadi 100. Yetu iko chini ya hapo. Ikishafungwa, mtu aipime na kurekebisha kompyuta kabla hujaikanyaga.

Mkonge

Wazee wangu, dada yangu, nashukuru. Nimerudi na majibu.

Filta tumeikata Jumatano, ndani inang'aa kama imenyunyiziwa rangi ya fedha. Jana bloki imepasuliwa. Beringi ya konrodi ya tatu imejizungusha, shingo yake ina michirizi inayoshika kucha. Konrodi yenyewe imebadilika rangi. Lakini silinda ni safi, michirizi ya kiwandani bado inaonekana, fundi amepima kwa geji na hakuna haja ya kupanua.

Nimeamua nibaki na bloki yangu. Kranki mpya, beringi zote, konrodi moja, ringi, gasketi, pampu ya oili, kipozeo na bomba lile. Milioni tisa hazitoshi na turbo, kwa hiyo turbo itasubiri Desemba na gari haitawashwa kabla.

Bloki iko kwenye nailoni, nimeipaka oili mwenyewe jioni hii. Fundi wa Barabara ya 12, plastigeji (uzi wa plastiki wa kupimia nafasi ya beringi) naipata wapi hapa Tanga, au niagize Dar?

Fundi wa Barabara ya 12

Usiagize. Ninayo kidogo gereji. Kranki ikifika niite, nije tupime shingo moja moja kabla hamjafunga.