Mchezaji kiziwi anachoka mapema, shida ni pumzi au nini?

Kocha wa Kihonda:
Wakuu habari za muda huu. Nina dogo wa miaka 17 anacheza winga ya kulia kwenye timu yetu ya mtaa hapa Moro, ni kiziwi tangu akiwa mdogo, aliugua homa ya uti wa mgongo akapona ila masikio yakaenda. Mbio anazo, chenga anazo, akikamata mpira beki wa upande ule anaomba poo. Sasa tukipima pumzi kwa ile ya kukimbia mita 20 kwenda na kurudi kwa kufuata mlio wa spika anatoka mapema, halafu mwishoni mwa mechi anaonekana kaisha kabisa. Mwenzangu kwenye benchi anasema viziwi pumzi yao ni ndogo kimaumbile. Kuna ukweli? Sitaki kumnyima namba kwa maneno tu.

Ticha Michezo:
Kocha hicho kipimo kinafuata mlio na yeye mlio hausikii! Kinaanza kilomita 8.5 kwa saa, kila hatua inaongezeka nusu kilomita, sasa pale kasi inapopanda wenzake wanageuka yeye ndo anawatazama, anachelewa, anakimbizana kufidia, hapo lazima akate moto. Weka mtu kila mwisho wa mstari, mlio ukilia ashushe bendera, afu mpime upya. Moyo na mapafu na misuli haviharibiki kwa sababu mtu hasikii. Huyo mwenzako mwambie aache.

Fizio wa Pwani:
Naunga mkono ila kuna kimoja msikiruke. Sikio la ndani ndo lenye mirija ya balansi, na homa ya uti wa mgongo inaweza kuiharibu pamoja na usikivu, hata sindano za gentamisini na streptomisini zinaweza. Sio viziwi wote, wengi wako fiti tu. Mwambie asimame mguu mmoja macho wazi, kisha afumbe, mtu awe karibu wa kumdaka. Akiyumba sana akifumba ujue macho ndo yanambeba, na mtu wa hivyo utamuona anapata tabu jioni giza likianza kuingia au anapogeuka ghafla na mpira wa juu. Inafanyiwa mazoezi hiyo, mguu mmoja huku unamrushia mpira, kukimbia huku anageuza kichwa kushoto kulia. Na mpeleke kwa daktari wa masikio.

Beki Kimya:
Mimi ni kiziwi nacheza beki wa kati, niwaambie kinachochosha. Nyie mnaambiwa "mtu nyuma!" sisi lazima tugeuke tuone wenyewe, dakika 90 shingo haitulii. Halafu mbio za bure, filimbi imelia zamani mimi bado natimka mpaka nione watu wamesimama, ukijumlisha mechi nzima ni mbio nyingi sana hizo. Tukicheza viziwi kwa viziwi refa anashika bendera, unaiona unasimama. Kwenye Deaflympics, michezo ya dunia ya viziwi, unatakiwa uwe umepoteza usikivu angalau desibeli 55 kwenye sikio lenye nafuu na vifaa vya kusikia vinavuliwa, wote mnakuwa sawa. Taipei iliandaa 2009, mara ya kwanza Asia. Kocha jifunzeni alama na dogo, hata kumi za uwanjani tu, mtaona tofauti.

Gunner Tanga:
Mashabiki wa Arsenal tunamjua Cliff Bastin, winga, alifunga mabao 178, rekodi ikakaa mpaka Ian Wright alipoivunja 1997. Masikio yalianza kumfa akiwa bado mchezaji na akaendelea kukipiga.

Kocha wa Kihonda:
Nashukuru sana wakuu. Hiyo ya mbio za bure ni yeye kabisa, juzi alikimbia mpaka kwenye kibendera cha kona peke yake watu wakacheka, iliniuma. Jumamosi naongea na refa mapema ashike bendera. Fizio, akifumba macho asimame kwa muda gani?

Fizio wa Pwani:
Pima na wenzake wa umri huohuo siku hiyohiyo, mguu uleule, linganisha. Afanye kabla ya mazoezi sio baada, akiwa kachoka hata anayesikia anayumba.