Andiko la maonyesho ya Käthe Kollwitz limerudishwa mara mbili, nirekebishe wapi?

Patasi:
Wakuu, salaam. Nina jambo linalonikosesha usingizi, na najua humu wapo waliokwisha kukaa mbele ya kamati za maonyesho.

Najitolea kwenye ukumbi mdogo wa sanaa, vyumba viwili na korido. Nimeandika andiko la kurasa 14 kupendekeza maonyesho ya Käthe Kollwitz, Mjerumani yule wa sanamu na chapa, yaani picha zinazopigwa karatasini kutoka ubao, jiwe au sahani. Mara ya kwanza limerudi na neno kwamba ni pana mno. Mara ya pili mwenyekiti kaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Kwa nini yeye, na kwa nini kwetu?"

Nilianza na kuzaliwa kwake Königsberg mwaka 1867, nikaja kwenye ndoa yake na daktari Karl na maisha yao katika mtaa wa wafanyakazi Berlin. Nikaeleza mwaka 1898, waamuzi walipopendekeza apewe medali ya dhahabu kwa mfululizo wa uasi wa wafumaji, Kaisari Wilhelm II akakataa. Kisha 1919 alipochaguliwa kuingia Akademia ya Sanaa ya Prussia, 1933 Wanazi walipomlazimisha kutoka, hadi kifo chake Aprili 1945, wiki mbili na ushei kabla vita havijakoma Ulaya. Mwishoni nikaorodhesha kazi 60.

Mimi mwenyewe nachonga chapa za mbao. Nimewahi kusimama mbele ya chapa yake "Akina Mama", pua karibu iguse kioo. Wanawake wamekumbatiana wakawa donge moja jeusi, na chini ya mikono yao nyuso za watoto zinachungulia. Ukisogea unaiona njia ya patasi: mistari mifupi myeupe, imekatwa kwa nguvu, mingine imekomea ghafla. Nilibaki pale mpaka mlinzi akaja kunikumbusha kuwa wanafunga.

Naombeni msaada. Sitaki kukata tamaa na huyu mama.

Bi_Ghala:
Mwanangu Patasi, hiyo aya yako ya kusimama mbele ya kioo imo kwenye andiko? Kama haimo, ndiyo kasoro ya kwanza. Kurasa zako ni wasifu, na wasifu kamati inaweza kuusoma popote.

Nimefanya kazi ya kupokea na kusafirisha kazi za sanaa miaka 22. Ushauri wangu, achana na hizo 60. Omba jalada moja tu, "Vita", chapa 7 za mbao alizochonga 1921 na 1922: Kafara, Waliojitolea, Wazazi, Mjane mara mbili, Akina Mama, na Umma. Kwa kuwa ni chapa, makumbusho kadhaa yanazo, kwa hiyo mmoja akikataa unabisha hodi kwa mwingine. Mkopeshaji mmoja, yaani makumbusho yanayowaazima kazi, kasha moja, bima moja inayoanzia ukutani kwao na kuishia ukutani kwao. Vyumba viwili vinatosha, na kila karatasi inapata nafasi ya kupumua.

Sasa swali la mwenyekiti. Peter, mtoto wake mdogo wa kiume, alitaka kujiunga na jeshi 1914 naye hajafikisha umri. Ilihitajika idhini ya baba. Karl alikataa, na ni Käthe aliyemsihi mpaka akakubali. Oktoba ya mwaka huohuo kijana akauawa Ubelgiji, ana miaka 18. Itazame tena karatasi ya kwanza ya jalada: mama aliye uchi anamnyanyua mtoto mchanga, anamtoa. Ukishajua nani aliyeomba ile idhini, mikono ile huwezi kuitazama kama mwanzo. Karatasi ya pili, Mauti anapiga ngoma akiongoza vijana, na anayemfuata kwa karibu ni Peter.

Andiko lako lisimame hapo: mzazi anaishi vipi na ruhusa aliyoitoa kwa mdomo wake? Mzazi yeyote anayeingia ukumbini kwenu analo la kwake la namna hiyo. Hilo ndilo jibu la "kwa nini kwetu".

Halafu ambatisha ripoti ya jengo, maana mkopeshaji ataiuliza kabla ya yote. Karatasi huwekwa kwenye mwanga usiozidi laksi 50, jua lisiifikie kabisa, unyevu wa hewa usipande na kushuka ovyo. Omba miezi 3, usiombe 6. Barua ya maombi itoke si chini ya mwaka mmoja kabla. Na uliza ni toleo gani unalopewa, kwa sababu kazi zake nyingi zilipigwa chapa tena baadaye, na weusi wa wino si uleule.

Kalamu_Kavu:
Namheshimu Bi Ghala, ila kumwacha mfumaji nje kabisa siafiki. Kollwitz hakuanza na mbao. Zile chapa 6 za wafumaji, tatu ni za jiwe na tatu za sahani ya metali iliyochorwa kwa sindano na kuliwa na asidi, kijivu laini, vistari kama unywele. Ni baada ya kuona chapa za mbao za Ernst Barlach, msanii mwenzake Mjerumani, mwaka 1920 ndipo akashika patasi. Patasi, wewe ni mchongaji, unajua vizuri kinachopotea ukitoka sindano kwenda patasi, na kinachopatikana. Omba hata karatasi moja ya wafumaji, itundike peke yake mlangoni. Mtazamaji ataona mwenyewe kwamba yule aliyeweza kuchora kila mkunjo wa nguo aliamua kuuacha.

Mwanasheria_wa_Picha:
La haraka. Kwa nchi zinazohesabu miaka 70 baada ya kifo, hakimiliki yake ilikwisha 2015 ilipomalizika. Bango na kijitabu havina ada ya msanii. Ila picha ya kamera mnayopewa na makumbusho inaweza kuwa na masharti yake, yasomeni.

Patasi:
Ahsanteni sana, na wewe Bi Ghala shikamoo. Nimeandika upya, sasa ni kurasa 4. Ukurasa wa kwanza hauna tarehe ya kuzaliwa. Unaanza hivi:

"Katika chapa ya 'Wazazi', mume na mke wamepiga magoti wakaegemeana hadi hujui bega la nani linaishia wapi. Miaka 10 baadaye, 1932, Kollwitz aliweka wazazi walewale, sasa ni sanamu za jiwe, kwenye makaburi ya Ubelgiji alikolazwa Peter. Safari hii kila mmoja anapiga magoti peke yake, baba amejikumbatia, mama ameinama. Maonyesho haya yanauliza ni nini kilichowatenganisha."

Karatasi moja ya wafumaji nimeiongeza, Kalamu Kavu. Kinachonisumbua sasa ni korido: ina dirisha kubwa la magharibi na siwezi kuliziba.

Bi_Ghala:
Marahaba. Aya hiyo usiiguse tena. Korido weka picha kubwa za zile sanamu mbili, hizo ni nakala, jua likizififisha hakuna kazi halisi iliyoharibika. Ziweke pande mbili, baba kulia, mama kushoto, watu wapite katikati. Karatasi ya mfumaji iingie ndani, ukuta usiotazamana na mlango. Na pima mwanga saa kumi jioni, usipime asubuhi.