Helios 44-2 na RF 50mm f/1.8: tofauti ya picha inatoka wapi hasa?

pwani_raw
Wakuu, habari zenu. Nina kamera ya Canon EOS RP na lenzi yake ile RF 50mm f/1.8 STM. Nimeongeza lenzi ya zamani, Helios 44-2 (58mm f/2), kwa adapta ya M42 (uzi wa kufungia lenzi za zamani). Nimezipiga zote kwenye f/2, stendi haijasogezwa, mtu kasimama palepale mita moja na nusu, nyuma yake nusu mita kuna ukuta wenye mmea uliotambaa. Ule mzunguko wa nyuma unaosifiwa, yaani vitu vya nyuma kuonekana kama vinazunguka katikati ya picha, siuoni. Picha za Helios zimepauka, nyeusi inatoka kijivu. Rangi nazo ziko tofauti kidogo, ila siwezi kusema ni lenzi au ni kamera. Nipimeje kwa haki?

Fundi Apecha
Mkuu, kwanza hakikisha lenzi iko wazi kweli. 44-2 ina pete mbili za apecha (tundu la kupitisha mwanga; namba ya f ikipanda, tundu linapungua). Moja inagonga kwenye kila namba, hiyo inaweka kikomo tu. Nyingine inateleza bila kugonga, na ndiyo inayofungua na kufunga. Ukiacha kikomo kwenye 4 na pete ya kuteleza iko upande wa kufunga, unapiga f/4 huku unadhani uko f/2. Weka kikomo kwenye 2, chungulia kwa mbele: vibati vyote vinane vinavyofunga tundu vinatakiwa vipotee.

Kama hapo pako sawa, tatizo ni ukuta. Mzunguko unatokana na mambo mawili. Kwanza, mwanga unaoingia kwa pembe hukatwa na kingo za mwili wa lenzi, kwa hiyo nukta za mwanga pembeni mwa picha hazibaki duara, zinabanwa kuwa jicho la paka, na urefu wa jicho hilo unafuata mzingo kuzunguka katikati ya fremu. Pili, fokasi ya lenzi hii haiko bapa, na pembeni ina astigmatizimu, yaani michirizi ya mzingo inatoka tofauti na michirizi inayokwenda katikati. Ili macho yaone haya, nyuma panatakiwa vitu vidogo vingi vyenye kontrasti: majani yanayopenyeza anga ndiyo bora. Mtu awe mita 1.5 hadi 2, majani yawe mita 4 hadi 6 nyuma yake. Nusu mita haitoshi, mmea bado una umbo lake. Ukimsogelea mtu hadi umbali mfupi kabisa wa fokasi, nusu mita, nyuma panayeyuka kabisa na mzunguko unayeyuka nao. Ukifunga hadi f/4, mwanga unapita katikati tu, haukatwi tena, nukta zinarudi kuwa karibu duara.

Usishangae RF nayo ikionyesha jicho la paka pembeni kwenye f/1.8. Ni lenzi ndogo, nayo inakata mwanga. Isipokuwa pembeni imerekebishwa vizuri zaidi, basi hapazunguki kwa nguvu ile.

Kuhusu haki: 58 na 50 si sawa. Ukibaki palepale, Helios inakuza kichwa cha mtu, halafu unalinganisha picha mbili tofauti. Gawanya 58 kwa 50, unapata 1.16. RF ikiwa mita 1.5 kutoka kwa mtu, Helios irudi hadi mita 1.74. Na kwa ukungu wa nyuma linganisha kipenyo cha tundu badala ya namba ya f: 58 kwa f/2 ni mm 29, 50 kwa f/1.8 ni mm 27.8, lakini 50 kwa f/2 ni mm 25 tu. Kwa hiyo iache RF kwenye f/1.8 ukitaka boke, yaani huo ukungu wa nyuma, lilingane.

nusu_stopu
Naongezea kwenye kupauka, maana wengi hudhani ni suala la wingi wa vioo. Zote mbili zina vioo 6! Helios ni vioo 6 katika makundi 4, mpango wa Biotar 58mm f/2 ya Carl Zeiss Jena ya miaka ya 1930. RF ni vioo 6 katika makundi 5, kimoja kina uso wa asferiko (mpindo wake si wa tufe). Kinachotofautisha hapa ni utando wa kuzuia mng'ao.

Kioo kitupu kinarudisha kama asilimia 4 ya mwanga kwenye kila uso unaokutana na hewa. Utando wa tabaka moja, kama wa 44-2 nyingi, unashusha hadi kama 1.5. Tabaka nyingi za kisasa zinafika chini ya 0.5. Helios ina nyuso 8 za hewa, kwa hiyo inapitisha kama asilimia 89. Mwanga uliorudishwa haupotei wote: sehemu yake inadundadunda ndani na kumwagika kwenye sensa kama ukungu mwembamba. Nyeupe haionyeshi kitu, ila giza linapanda. Ndiyo kijivu chako.

Dawa: huudi (kofia ya kukinga mwanga wa pembeni) ya chuma ya uzi wa 49mm, na jua lisiguse kioo cha mbele hata kwa pembeni, mkono juu ya lenzi unatosha kujaribu. Kwenye RAW (faili ghafi la kamera) shusha kidogo pointi ya nyeusi hadi histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha, iguse kushoto. Ukifanya hivyo kwa picha ya kivulini, tofauti ya kontrasti na RF inapungua sana. Ya kwenye jua la mbele haipungui, maana ukungu haukusambaa sawa.

Rangi: weka mizani ya nyeupe kwa mkono, mfano 5200K, kwa lenzi zote mbili. Piga kadi ya kijivu kwa kila lenzi. Kisha toa matoleo mawili, moja bila kugusa na jingine lililosahihishwa kwa kadi. Kinachobaki baada ya kadi ndicho cha lenzi. Mara nyingi ni kidogo kuliko watu wanavyodai.

Mzee wa M42
Kabla ya kulaumu utando, washa tochi ya simu nyuma ya lenzi, apecha wazi, uangalie kwa pembe. Vumbi ni nukta, halina shida. Nyuzi zinazotawanyika ni kuvu. Ukungu sawasawa kama pumzi kwenye kioo ni mvuke wa grisi ya zamani, na huo ndio unaopausha picha kuliko utando wowote. Mafuta kwenye vibati vya 44-2 hayazuii kazi kwa sababu unavisogeza kwa mkono, tofauti na lenzi za apecha ya otomatiki ambazo vibati vinanata, lakini mafuta hayohayo ndiyo yanayohamia kwenye kioo. Kama uko pwani, hifadhi kwenye boksi lenye silika jeli na kipimo cha unyevu, asilimia 40 hadi 50. Begi la ngozi lililofungwa ni kitalu cha kuvu.

Jingine: zima marekebisho ya lenzi kwenye menyu na kwenye programu. RF inasahihishwa giza la pembeni na upindaji kimyakimya, Helios haina mawasiliano ya umeme, inaonekana ilivyo. Bila kuzima unalinganisha kioo na programu.

Na fokasi ifanye kwenye apecha ileile utakayopigia, ukikuza x10. Lenzi za namna hii husogeza fokasi kidogo ukifunga. Kwa mita 1.74 na f/2 una kama sentimita 10 tu za ukali, mtu akiyumba imekwenda.

pwani_raw
Shukrani wakuu. Kikomo kilikuwa 2, kwa hiyo ni ukuta. Na je, nikiifunga Helios kwenye kamera ya Canon R50 ya rafiki?

Fundi Apecha
Utapoteza karibu kila unachokitafuta. Sensa yake inakata x1.6, inachukua katikati, na mzunguko uko pembeni. Labda upate adapta yenye vioo ya 0.71x: 58 inakuwa kama 41mm f/1.4, na eneo linaloonekana linakaribia la fremu kamili (sensa kubwa kama ya RP yako). Lakini adapta hiyo inaongeza nyuso za kioo na kasoro zake pembeni, basi usiiite tena tabia ya Helios peke yake.

nusu_stopu
RF nayo usiitazame kama isiyo na alama. Piga taa ndogo za mbali nje ya fokasi, ukuze picha hadi asilimia 100: kwenye lenzi za asferiko mara nyingi utaona pete ndani ya pete kwenye kila duara. Helios haina pete hizo, ukingo wa duara lake ndio unaong'aa zaidi, hasa katikati ya fremu kwenye f/2.