Mjadala: diwani tumpime kwa bahasha ya msibani au kwa kufuatilia shida zetu?

Ndugu zangu, naomba tulijadili hili bila kuvutana kivyama. Kwenye kata nyingi hapa Tanzania, diwani anayesifiwa ni yule anayefika msibani na bahasha, anayemlipia mgonjwa dawa na kuwanunulia vijana jezi. Asiyetoa anaitwa mchoyo, na miaka mitano ikiisha anaangushwa kwenye kura za maoni. Mimi nasema tunamdai mfuko wake, huku kazi yake hatumdai.

Baraza la madiwani hukaa kila baada ya miezi mitatu. Hata ukijumlisha kamati za kudumu na Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo yeye ndiye mwenyekiti na mtendaji wa kata ni katibu, siku nyingi za mwaka diwani hayuko kikaoni. Siku hizo ndizo tunazomhitaji. Kuna mzee wa zaidi ya miaka 60 asiye na uwezo, sera inamsamehe gharama za matibabu, lakini anarudishwa dirishani kwa sababu hana kitambulisho. Kuna akina mama walioomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu). Mikopo hiyo ilisitishwa 2023, ikarudi 2024, na vikundi vingi hukwama kwenye makaratasi tu: katiba ya kikundi, akaunti ya benki, andiko la mradi. Diwani akikaa asubuhi moja na afisa maendeleo ya jamii wa kata, akaona fomu zimekwamia meza ya nani, akaenda halmashauri kuuliza, kikundi kizima kimepona. Bahasha gani inafikia hapo?

Halafu tuulizane bahasha zenyewe zinatoka wapi. Posho ya mwezi ya diwani kwa miaka mingi ilikuwa shilingi 350,000. Mbunge ana Mfuko wa Jimbo kwa sheria ya 2009, tena nao ni wa miradi ya maendeleo; diwani hana mfuko wa namna hiyo. Kata ina misiba kila wiki. Akitaka kuitosheleza yote atakopa, au atamsogelea mkandarasi anayejenga zahanati au darasa palepale kwenye kata. Siku ukuta ukipata ufa, atauliza kwa mdomo upi? Hapa ndipo ninapoumia, kwa sababu hasara inaturudia sisi tuliokuwa tukishangilia bahasha.

Najua hoja ya upande wa pili, na ina uzito: kwetu kiongozi asiyezika na watu si kiongozi. Nakubali kabisa. Aende, ashike jembe, akae mkekani, atoe rambirambi kama jirani yeyote. Pale msibani atasikia mambo ambayo watu, hasa akina mama, hawayasemi kwenye mkutano wa hadhara. Wenzetu Kenya waliyaandika haya kwenye Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012: mwakilishi wa wadi awe karibu na wapiga kura na ashauriane nao, lakini asijiingize kwenye kazi za watendaji wa kaunti. Hata hivyo, huko nako harambee zinamwandama.

Pendekezo langu ni daftari la kero kwenye ofisi ya kata. Tarehe, shida, ofisi ilikopelekwa, jibu lililorudi. Majina ya wagonjwa na mambo ya ndani ya nyumba za watu yasiandikwe. Diwani alisome kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na kwenye mikutano ya mtaa kwa walio mjini. Kero ikikaa miezi sita bila jibu, wote tujue imelala ofisi gani, ili diwani asibebeshwe uzembe wa idara, na idara nayo isijifiche nyuma ya diwani.

Naomba waliowahi kuwa madiwani au watendaji wa kata waanze: je, mliwahi kuwa na daftari la aina hii, na wananchi walilipokeaje wakati wa kura? Na wewe unayeona bahasha ni wajibu wa diwani, tueleze zipatikane wapi kihalali.