Tupeane uzoefu: mliosomea udaktari Marekani, utafiti mlianza lini?

Habari zenu ndugu. Mdogo wangu anaanza chuo Minnesota mwezi wa nane, anataka udaktari. Kwetu Tanzania ukitoka kidato cha sita unaingia MD (shahada ya udaktari) moja kwa moja. Huku ni miaka 4 ya shahada ya kwanza, mtihani wa MCAT wa kuombea chuo cha udaktari, halafu miaka mingine 4 ya udaktari wenyewe. Kila mtu anamwambia awahi kuingia maabara kufanya utafiti. Mimi ni nesi, njia hiyo sikuipita. Naombeni mnisaidie.

Binti Tanga, Ohio
Dada, mimi nilisubiri mwaka wa pili, nilipomaliza muhula wa kwanza wa kemia ogania. Somo hilo ndilo linalowarudisha wengi nyuma, na GPA (wastani wa alama) ikishuka mapema kuipandisha ni kazi kweli. Maabara utaikuta palepale. Nilimwandikia profesa aliyenifundisha biolojia, nikamuuliza swali kuhusu makala yake niliyoisoma. Alinipokea. Mwanzoni nilikuwa naosha vyombo, napika chakula cha nzi wa matunda wanaotumika kwenye utafiti na kujifunza kushika pipeti, kile kifaa cha kupimia vimiminika. Swali langu mwenyewe la utafiti nililipata mwaka wa tatu. Ndiyo maana namwambia asichelewe kupita mwaka wa pili: anayeingia maabara miezi michache kabla ya kutuma maombi huishia kwenye kuosha vyombo, na kwenye usaili hana la kueleza. Fomu ya AMCAS, ya kuomba vyuo vya udaktari, ina nafasi 15 za shughuli, na 3 kati yake unaziandikia kwa kirefu. Mimi moja niliipa maabara.

Mwana wa Kisumu
Ana viza gani? Mimi nilikuwa F-1, viza ya mwanafunzi. Programu za REU, yaani za utafiti za kiangazi kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, zinazolipiwa na NSF (shirika la sayansi la serikali ya Marekani) ni za raia na wenye grini kadi tu, asihangaike nazo kama hana. Nilianza muhula wa pili wa mwaka wa kwanza kwa sababu maabara ya chuo ilikuwa inalipa, na F-1 anaruhusiwa kazi ya kampasi hadi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Pia vyuo vingi vya udaktari havipokei wanafunzi wa kigeni. Hilo alichunguze sasa.

Mama Furaha, Iowa
Mimi ni Mkongo, nilikuja kama mkimbizi. Usiku nilifanya kazi kwenye nyumba ya wazee, maabara ningeiweka wapi? Mwaka wa nne profesa wa afya ya jamii alitafuta mtu wa kuwahoji wamama wajawazito kwa Kiswahili, nikaingia. Kibali cha maadili peke yake kilichukua miezi, kwa hiyo anayetaka utafiti wa watu aanze mapema. Leo nasomea udaktari. Vyuo vingi havilazimishi utafiti. Anayetaka MD-PhD, yaani udaktari wa tiba pamoja na shahada ya uzamivu, ndiye hana njia nyingine. Muulize kwanza kama utafiti anaupenda.

Mwanzisha mada
Asanteni sana. Grini kadi anayo. Mwana wa Kisumu, hizo REU maombi yake hufungwa lini?

Mwana wa Kisumu
Nyingi kati ya Januari na Machi. Barua za mapendekezo aombe kabla ya Krismasi.